Boksi la Matundu Mawili

Tarehe 3 Machi

Mdogo wangu, kitinda mimba, fundi wa kompyuta mwenye vidole laini,

Barua yako imefika na swali lako nimeliona: ni saundi kadi gani ya nje, yaani boksi la kuingizia sauti kwenye kompyuta, ya bei nafuu, itakufaa kwa onyesho lako la muziki wa kompyuta. Umefanya vizuri kumuuliza anayejua. Mwaka wa ishirini na mbili huu mimi ni fundi mitambo. Nimefunga spika kwenye kumbi ambazo hata mwenye ukumbi anaingia kwa kupekuliwa. Shule niliiacha darasa la saba, nakubali, lakini waya haimuulizi mtu cheti: ukikosea inakupiga shoti, ukipatia inaimba. Kwa hiyo tulia, boksi utalipata.

Sasa kaa chini.

Lile koo la mama, tulilosema ni vumbi la vitambaa, si vumbi. Nilimpeleka hospitali, wakamwingiza kamera nyembamba kama waya ya maiki. Kuna uvimbe kwenye koromeo. Daktari akaniita pembeni, akanichorea kwa kalamu nyuma ya bahasha. Watampasua tarehe 25 mwezi huu. Atapona, daktari anasema, na mimi namwamini, ana miwani minene. Lakini koromeo lote linatolewa. Akitoka pale mama haongei tena. Haimbi tena.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua: ukikohoa jikoni, aliyeko sebuleni anakwambia pole. Sitaki mama anisikie sauti ikinitetemeka. Mwenyewe nimeshamwambia. Amelipokea kama askari. Akasema "Haya," akaendelea kupiga pindo la sare za shule.

Wazo langu ni hili. Wewe unataka kuimbisha kompyuta mbele za watu. Mama ana ule wimbo wake wa cherehani, ambao mtaa mzima unaujua na hakuna aliyewahi kuurekodi. Tununue boksi lako mapema, nimrekodi nalo kabla ya tarehe 25, kisha boksi na sauti nivipakie pamoja kwenye basi la vifurushi. Atakuwa nawe jukwaani, apende asipende.

Niandikie boksi la namna gani. Usiandike kitaalamu sana, nisije nikakukosoa.

Kaka yako,
Rais wa Waya Zote

*

Tarehe 9 Machi

Kaka,

Barua yako nimeisomea kazini, kati ya kompyuta mbili zilizofunguliwa matumbo. Bosi alidhani nimepigwa na umeme, akakimbilia swichi.

Nataka kuja. Nauli ninayo, ni ile ile niliyoiweka kwa ajili ya boksi. Boksi litasubiri. Na hata kabla sijafika, Jumapili hii nitapiga simu yako, umpe mama niongee naye. Sina la kumwambia, nataka tu kumsikia akinigombeza.

Lakini umeuliza, nakujibu. Muziki wangu uko hivi: mtu anaimba kwenye maiki, kompyuta inameza sauti yake papo hapo, inaikata, inaizidisha, inairudisha ukumbini huku mwenyewe bado anaimba. Kwa hiyo boksi lisicheleweshe sauti. Mwimbaji akijisikia nyuma yake kidogo tu, anapunguza mwendo ili ajisubiri, na wimbo wote unazama. Pili, lichukue umeme kwenye kompyuta yenyewe, maana ukumbi wetu umeme unakatika kila wiki. Tatu, likubaliane na kompyuta yangu kuukuu, maana mengine yanataka mpya tu. Matundu mawili ya maiki yananitosha. Kaka, nakujua. Usininunulie lori.

Mwambie mama nakuja.

Mdogo wako

*

Tarehe 14 Machi

Mdogo wangu,

Nimemwambia mama. Amesema usije. Maneno yake haya hapa: "Asije kunililia hapa kabla sijafa. Hiyo nauli anunue kitu chake." Unamjua mama, akishatia sindano harudi nyuma. Na simu ya Jumapili niliizima kwa makusudi, usinichukie. Daktari ameagiza koo lipumzike, lisitumike ovyo. Hata mimi ananiita kwa kugonga meza na mkasi, na siku nyingine anagonga hata kama sijakosa.

Basi nikaenda dukani kama mtu mwenye hela. Mwenye duka ni mama mmoja mnene, miwani ameiweka kwenye nywele, anauza spika huku anapaka rangi kucha. Nikaliona boksi moja la matundu manane, lina taa kama ndege inayotua, mtumba lakini safi. Nikasema, hili.

"Unarekodi bendi?" akaniuliza.

"Narekodi watu wakubwa."

"Wangapi?"

"Mmoja."

"Sasa matundu manane ya nini, baba, unarekodi pweza?"

Duka zima likacheka. Nami nikacheka, maana mzaha mzuri ni mzuri hata ukiwa umekuangukia wewe. Nikamsomea barua yako. Akavuta chini ya meza kiboksi kidogo, kinaingia mfukoni. Lile kubwa, akasema, linataka umeme wa ukutani na waya ya kizamani ambayo kompyuta yako haina pa kuichomeka. Hiki kina matundu mawili, kinakula umeme wa kompyuta, na hakichelewi. Tena kina kitufe kimoja mbele, ukikizungusha unaisikia maiki kwenye hedifoni moja kwa moja, kabla sauti haijaenda kuhangaika ndani ya kompyuta. Nikajaribu. Nikasema "Halo" na nikajisikia hapo hapo, kama nimejinong'oneza sikioni. Nikamwambia, mama, hapa umenimaliza.

Nimekinunua hicho kidogo. Nimelipa kwa hela yangu, utanirudishia: nauli yako imekwisha ndani yake, imebaki chenji ya soda, nimeinywa.

Kaka yako,
Bingwa wa Matundu Mawili (Angetaka Manane)

*

Tarehe 19 Machi

Kaka,

Umechagua vizuri, na mwenye duka nampenda tayari.

Sikutegemea mama aseme nisije. Nimeyasoma yale maneno mara nyingi. Yanafanana naye na hayafanani naye. Lakini kama ndivyo anavyotaka kuipita siku hiyo, mimi ni nani. Yeye ndiye anayeaga sauti yake.

Kwenye kurekodi, fuata karatasi hii niliyokuandikia kwa herufi kubwa. Moja, chomeka boksi kabla hujafungua programu. Mbili, maiki tundu la kwanza. Tatu, ndani ya programu kuna orodha ya mahali sauti inapoingilia: chagua jina la boksi, usiiache kompyuta ijichagulie. Nne, mstari wa kijani ukiruka, sauti inaingia. Tano, rekodi kidogo, simamisha, sikiliza, ndipo umwite mama.

Ombi moja. Akimaliza wimbo, usizime. Mwombe aseme kitu kwa ajili yangu. Chochote. Hata kama ni "nywele zako kachane." Nitakuwa nacho.

Mdogo wako

*

Tarehe 24 Machi

Mdogo wangu,

Piga vigelegele ukiwa umekaa, usije ukaangusha kompyuta za watu. Kazi imekwisha!

Mimi si mtu wa kuweka maiki mezani kama mkutano wa mtaa. Nilichukua magodoro manne, mawili yetu na mawili ya jirani, nikayasimamisha kwenye kuta za chumba cha mama, nikamweka yeye katikati na maiki yake. Akanitazama. "Unanirekodi au unanifungasha?" Mimi na kompyuta niliyoazima ukumbini kazini tukakaa sebuleni, mlango nikaufunga, waya ndefu imepita chini ya mlango. Wakubwa ndivyo wanavyofanya: mwimbaji kwake, fundi kwake.

Nikavaa hedifoni, nikazungusha kile kitufe. Mdogo wangu! Nilisikia anameza mate. Nilisikia mkasi mfukoni mwake ukigonga kifungo. Kisha akaimba. Ule wimbo tuliokua nao, kumbe hatujawahi kuusikia, maana cherehani kilikuwa kinaufunika nusu. Una beti tusizozijua. Mmoja ni wa mtoto wa mwisho, aliyezaliwa mvua ikivuja kitandani, na mama akamkinga kwa kitambaa cha mteja. Huyo ni wewe. Sikwambii zaidi. Dakika arobaini na moja, hakukohoa hata mara moja, uvimbe wenyewe ulikaa kimya ukasikiliza.

Karatasi yako niliifuata, isipokuwa ile namba tatu. Orodha yenyewe ni ya Kizungu, ndefu kama majibu ya maabara, nikaona ni dharau kumfundisha fundi wa miaka ishirini na mbili pa kupitishia sauti. Na namba tano ni ya waoga. Mstari wa kijani uliruka tangu mwanzo mpaka mwisho. Niliuona kwa macho haya.

Na maneno yako amekuachia mwishoni. Utayasikia mwenyewe.

Kesho saa mbili asubuhi anaingia chumba cha upasuaji. Kabeba taulo lake na daftari la vipimo vya wateja, ati asipoteze muda.

Kaka yako,
Prodyuza

*

Tarehe 2 Aprili

Kaka,

Siku tisa bila neno. Jirani amenitumia ujumbe kwamba mama ametoka hospitali salama, na nimemshukuru Mungu kwa habari ya jirani.

Yukoje? Anakula? Anajitazama kwenye kioo?

Onyesho ni tarehe 26. Nimejenga muziki wote ukiwa na nafasi katikati, upana wa sauti yake, kama mtu anayekata gauni kwa kukisia mwili. Nitumie boksi na flashi yenye wimbo. Tafadhali usichelewe.

Mdogo wako

*

Tarehe 7 Aprili

Mdogo wangu,

Mama yuko nyumbani. Ana kijibomba cha plastiki shingoni, chini hapa, pumzi inatokea hapo. Amekishonea kitambaa chepesi cha kukifunika, chenye pindo. Chakula analainishiwa. Maneno anaandika kwa chaki ya kushonea kwenye karatasi za kukatia nguo, na usidhani ameacha kugombeza. Jana kaandika: "Sahani." Herufi kubwa. Nikaosha.

Boksi nimelipakia kwenye basi la leo, limefungwa kwa soksi zangu mbili (safi). Flashi haimo. Kompyuta ya ukumbini imeingia virusi, nimempelekea mtu aitazame. Huwezi kuharakisha kompyuta, wewe unajua kuliko mimi, leo nakupa heshima hiyo bure.

Kaka yako

*

Tarehe 12 Aprili

Kaka,

Boksi limefika. Soksi hazikuwa safi.

Nimelijaribu usiku wa jana hapa chumbani. Ni zuri. Niliimba nikajisikia hapo hapo, bila kuachwa nyuma. Kompyuta yangu ilinguruma kidogo kisha ikakubali.

Mimi kazi yangu ni kuondoa virusi, kaka. Umempelekea mtu gani? Ungeituma kompyuta hapa kwa basi ningeisafisha kwa saa moja. Na barua yako haina mzaha hata mmoja uliokamilika.

Unanificha nini?

Mdogo wako

*

Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Hakuna virusi.

Siku ile ile mama alipokuwa chini ya kisu, mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la nje, nilifungua kompyuta nimsikilize kidogo, nijipe moyo. Nikavaa hedifoni. Nikasikia mtu anapumua kama ng'ombe. Nikasikia kiti kinalia. Nikasikia mtu anafuatisha wimbo kwa pua, vibaya, mguu unapiga sakafu. Ni mimi.

Kompyuta ilijichagulia. Haikuchukua boksi, ilichukua kile kimaiki chake kidogo cha juu ya kioo. Ilikaa sebuleni inanirekodi mimi. Na mimi nilikuwa namsikia mama wazi kabisa, kwa sababu ya kile kitufe, kilikuwa kinamleta moja kwa moja masikioni mwangu bila kumpitisha mle ndani. Mstari wa kijani uliokuwa unaruka ulikuwa ni mguu wangu. Mama yuko nyuma ya mlango na magodoro manne. Anasikika kama redio ya nyumba ya tatu. Huwezi kupata hata neno.

Nilisimama pale kwenye korido nikamwendea muuguzi, nikamwambia wasimamishe kidogo, kuna kitu hatukumaliza. Akaniuliza kitu gani. Nikamwonyesha hedifoni. Akaniletea maji.

Nimekaa na beti zile kichwani nizishike, zinatoka moja moja. Ule wa kwako nimebaki na mvua na kitambaa.

Faili limo kwenye flashi hii, kama lilivyo. Nilisikiliza dakika kumi nikashindwa kuendelea. Wewe una akili ya kompyuta, labda utamtoa mle. Miaka ishirini na mbili, mdogo wangu. Nimerekodi ulevi wa watu, hotuba za watu, nimerekodi mbwa. Mama yangu mzazi nimemkosa.

Kaka

*

Tarehe 21 Aprili

Kaka,

Sikuweza kumtoa. Nimejaribu siku mbili kila ninachokijua. Nikivuta sauti yake inakuja ukungu, na wewe ndani yake.

Lakini nimesikiliza mpaka mwisho, dakika zote arobaini na moja. Sasa nakuandikia ulichorekodi, maana wewe uliishia dakika ya kumi.

Dakika ya kumi na nane unaacha kufuatisha. Unaanza kulia. Unalia kwa muda mrefu, unajiziba, unapenga kamasi. Dakika ya ishirini na sita unasema peke yako, polepole, karibu kabisa na kompyuta: "Imba, mama. Imba tu. Bora hujui."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikarudia.

Kisha mwishoni kabisa mlango unafunguliwa. Ndala zinakuja. Na mama anasema, yuko juu ya bega lako, wazi kama yuko chumbani kwangu:

"Tumemaliza? Haya, zima hiyo mashine, umeme unaliwa. Na huyo mdogo wako mwambie asinisumbue na maneno ya kusemea kwenye maiki. Koo likipona nitampigia mwenyewe, Jumapili nzima. Nina mengi naye."

Na wewe unasema: "Sawa, mama."

Sawa, mama!

Kaka, hakujua. Alikuwa anaimba mazoezi. Ulimwambia ni mazoezi ya onyesho langu, sivyo? Na "asije kunililia hapa kabla sijafa," nani alisema? Nilikaa hapa mwezi mzima nikimheshimu mama kwa maneno uliyoyatunga wewe. Nilidhani ananikataa. Nikasema, ni haki yake, sauti ni yake.

Nina swali moja na nataka jibu bila utani. Leo, sasa hivi, mama anajua kwamba haitarudi? Au bado anangoja koo lipone?

Kama anangoja, mwambie leo. Usiku usiingie.

Nafasi yangu ya onyesho nimempa mpiga gitaa mmoja. Maneno yale ya mama sitayaweka kwenye muziki yakatwekatwe. Usinipigie simu. Andika.

*

Tarehe 26 Aprili

Mdogo wangu,

Alikuwa anangoja.

Kila asubuhi anakaa kitandani, anafumbata lile tundu kwa kiganja, anafungua mdomo anajaribu "a". Moja tu. Kisha anaandika kwenye karatasi: "Bado." Na mimi nampa kidole gumba, kama fundi anayejaribu spika. Wiki nne nimempa kidole gumba.

Siku ya kwanza daktari aliniuliza, "Mzazi umemweleza?" Nikasema nimemweleza. Nilikuwa nimefungua mdomo mara tatu, kila mara unatoka mzaha. Nakuapia. Ninafungua kusema jambo, inatoka hadithi ya bwana harusi na jenereta, mama anacheka, nami nafurahi kwamba amecheka kwa sauti, nasema acha acheke na leo. Siku ya kutia sahihi ya kukubali upasuaji, miwani yake alikuwa ameiacha kwenye cherehani. Nikamsomea karatasi mimi. Nilisoma vizuri, nikaruka mistari miwili. Na wewe ungekuja angekutazama usoni mara moja, angejua. Ndiyo maana nikasema amesema usije.

Barua yako ilifika jana saa nane mchana. Nikaingia kwake. Alikuwa anatia mkono wa sare. Nikasema, "Mama, sauti hairudi. Waliitoa yote. Nilijua tangu mwanzo." Hivyo tu, ilichukua muda kama wa kusema bei ya kitu.

Hakuinua kichwa. Akaendelea kushona. Akaushona mkono wa sare mpaka mwisho, akaupita mwisho, akaufunga pale pa kutokea kiganja. Akauona. Akachukua kifumulio, akaanza kufumua uzi mmoja mmoja. Nikasimama. Alipomaliza akavuta karatasi.

"Mdogo wako anajua?"

Nikasema anajua.

"Tangu lini?"

Nikasema kabla ya upasuaji.

Akaandika: "Akanyamaza?"

Mdogo wangu, nimekula makofi maishani. Nimepigwa na umeme wa nguzo. Hilo neno sijui nikuambie nini. Nikapiga magoti nikamwambia yote, simu niliyoizima, nauli, maneno niliyomwekea mdomoni. Akaniwekea mkono kichwani. Nikadhani ananisamehe. Alikuwa anajisukumia ili ainuke. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Leo hajaniandikia kitu. Amekuandikia wewe. Ameifunga bahasha kwa cherehani, pande zote nne, nisiifungue. Naituma kama ilivyo.

Kaka yako

*

Tarehe 26 Aprili

Mwanangu,

Mwandiko wangu utauvumilia, nimezoea kuandika vipimo.

Kwanza, mimi sikusema usije. Sijawahi kukwambia hivyo tangu nikuzae. Ujue hilo kabla ya mengine.

Pili, kaka yako ananiambia kuna ubeti wako anauhangaikia. Asihangaike. Niliutunga pale pale kati ya magodoro, nilikuwa nimechoka kurudia yale ya zamani. Siukumbuki. Ulikuwa mzuri, nakumbuka nilifurahi nao.

Nimekaa tangu jana nikijiuliza, ningejua ningefanya nini. Nimeona nisingeimba. Wimbo nimeuimba miaka thelathini kwa cherehani, unatosha. Ningechukua ile simu ya kaka yako nikakupigia. Ningekuuliza kama unakula asubuhi. Ungesema ndiyo mama, kwa ile haraka yako, kuna mtu anakuita kazini. Nisingekuachia ukate. Ningekuuliza viatu, mlango wako unafungwa vizuri, huyo bosi ni mtu wa namna gani. Ungeudhika. Ningeendelea mpaka salio liishe.

Na kaka yako usimkate. Nimemnunia, lakini nasikia anavyotembea huko sebuleni kwa vidole, jitu zima lile. Hajui kusema, ndiyo maana anaongea sana. Mimi ndiye niliyemlea hivyo, nilikuwa namcheka.

Nauli nimeiweka ndani ya bahasha, chini ya mshono. Njoo. Mimi sitaweza kukuuliza kitu, na kuandika kunanichosha mkono. Kwa hiyo ukifika ukae karibu, useme wewe.

Mama